Friza Namba Tatu

Leo Hilkka Tarvainen amerudisha funguo:
wa maabara, wa stoo, na ule mdogo
wa friza namba tatu, wenye uzi mwekundu.
Amezipanga mezani moja moja
kama mtu anayelipa deni kwa sarafu.

Miaka thelathini na minne hapa Kuopio,
ambako ziwa hugeuka sakafu
na magari hupita juu yake bila woga.
Watoto wa nchi hii huugua sukari
kuliko karibu nchi yoyote. Kwa nini sisi?
Swali hilo alikuja nalo kwa baiskeli,
swali na kaka mmoja, Urho, aliyepofuka
kabla hajamaliza kulipia gari lake.

Nilikuwa na miaka mitatu aliponitoa damu.
Sikulia, anasema yeye. Nililia, anasema mama.
Daftari, lisilo na ndugu wala rafiki, linasema:
0417. Mvulana. Mililita mbili. Alichagua plasta ya buluu.

Aliamini ni maji. Maji ya visima.
Kila Jumamosi aliendesha hadi Nilsiä, hadi Maaninka,
akabisha hodi kwa wakulima, chupa mkononi,
akanywa kahawa asiyoitaka
ili apewe maji anayoyataka.
Miaka kumi na mmoja. Kisha kompyuta ikatema namba.
Akazirudia usiku kucha, akazibembeleza,
akazitukana kwa matusi ya bibi yake.
Hazikukubali.
Wengine hufungia kabatini matokeo ya namna hiyo.
Yeye aliyachapa: Hatukuona uhusiano wowote.
Maneno matatu.
Haba na haba, kibaba kikajaa, na ndani hamna kitu.

Ila damu ilibaki.
Mkesha wa sikukuu ya kiangazi,
mji mzima uko kwenye vibanda vya ziwani, umelewa,
friza ikakata roho.
Hasi themanini. Hasi sabini na moja. Hasi sitini na nne.
Räsänen, bawabu, alimpigia simu;
Hilkka akapigia kiwanda cha aiskrimu.
Ikaja barafu kavu, magunia tisa,
moshi ukitambaa sakafuni kama maziwa yaliyofurika,
wakahamisha vichupa elfu sita
kwa glavu za kuvulia samaki.
Aiskrimu ndiyo iliyotuokoa sisi wenye sukari!
Alicheka hadi akakaa chini.

Mimi kiu ilinijia nikiwa na miaka saba.
Nilikunywa maji ya kuogea. Nilitafuna theluji ya uani.
Wodini muuguzi aliniambia insulini ni ufunguo.
Hilkka hakuupenda mfano huo:
ufunguo ukipotea, alisema, unachongesha mwingine, unasahau.
Huu utauchonga mara nne kwa siku
hadi siku yako ya mwisho. Usimdanganye mtoto.

Mwaka juzi binti wa Turku, Sanni Kallioinen,
aliomba damu zetu za zamani. Alikuwa na mashine
ambayo Hilkka hakuielewa, wala hakujifanya anaielewa.
Ndani ya kichupa changu cha miaka mitatu
ikaonekana alama: mwili wangu
ulishaanza kulibomoa kongosho langu
huku mimi nikibishania rangi ya plasta.
Makala yao ina majina kumi na tisa.
Lake ni la kumi na nne.

Nilimuuliza, na sauti ilinitoka vibaya:
Ilikuwa mkononi mwako miaka yote hiyo?
Ilikuwa mkononi, akasema. Sikujua kuisoma.
Hakuomba radhi. Sijui kama nilizitaka.

Sasa fundi wa friza hizi ni mimi.
Amenisukumia ufunguo wenye uzi mwekundu,
amevaa koti, amekosea vifungo, amevifungua tena.
Mlangoni akageuka:
Umekula?
Kwa watu wengine hiyo ni salamu tu.
Nimekula, nikasema.
Umejichoma?
Nikagusa tumbo juu ya shati. Bado.
Akasimama pale pale, koti wazi,
baridi ikiingia, akasubiri.